Mfalme na Wenye Kumkataa

Mfalme, katika fikira za wengi wetu, ni mtu aliyeketi juu ya kiti cha enzi, akiamrisha likawa, akikataza likakoma, na raia hawana kwake ila kuinamisha vichwa na kumwombea umri mrefu. Wapo wanaoichukia sura hiyo, wakashukuru kwamba dola zetu sasa ni jamhuri; na wapo, hasa wanapoudhiwa na bei za vitu na jeuri za wakubwa, wanaoitamani, wakadai kwamba laiti tungekuwa na mfalme mambo yangenyooka. Makundi haya mawili hayapatani katika lolote ila katika kosa hili moja. Mimi nashikilia kwamba ufalme, kwa jinsi ulivyojulikana katika pwani yetu na bara yake, ulikuwa mapatano baina ya mtu na watu, na kwamba nguvu za mfalme zilitoka kwa wale wale waliokuwa na uwezo wa kumkataa. Na kila alipopata riziki na silaha pengine, pasipo kuwahitaji watu wake, kiti kilibaki na ufalme ukaondoka. Ushahidi wangu nitautoa kwanza milimani Usambara, kisha mijini pwani, na mwisho Unguja, ambako jambo hili lilifikia tamati yenye uchungu mwingi.

Usambara naianza kwa sababu huko tunacho kitabu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambaye Habari za Wakilindi yake ilipigwa chapa kwa mafungu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ametuhifadhia kisa cha Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akiwa amekataliwa na jamaa zake, kwani aliota meno ya juu kwanza, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa nuksi. Akaingia milimani na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, nyama akawagawia watu, nao wakamletea mavuno yao, akawaamulia magomvi, akaua simba, na mwishowe watu wa Vugha wakamfanya mfalme. Kama hayo yalitukia vivyo hivyo au hayakutukia, si shauri langu leo. Ninachokiangalia ni kwamba Washambaa, walipotaka kuelezana wao kwa wao ufalme umetoka wapi, hawakumweka mwanzoni shujaa aliyewashinda kwa mkuki, wala mtu aliyeteremka mbinguni; walimweka mgeni asiye na ardhi wala ukoo miongoni mwao, aliyetoa kabla ya kupokea, na ambaye cheo chake kilikuwa mikononi mwa wenyeji hata siku walipompa. Kila mfalme wa Kikilindi, yaani wa ukoo wa Mbegha, aliyemfuata alikumbushwa na kisa hicho kwamba babu yake alikaribishwa.

Na mapatano hayo hayakuwa maneno ya hadithi tu. Katika zama za Kimweri ya Nyumbai, aliyetawala muda mrefu hata alipofariki mwaka 1862, kodi ya vyakula, mifugo na kazi ilipanda Vugha kutoka kila upande wa milima, na wanawe waliwekwa kuwa watawala wa wilaya. Lakini kilichopanda kilitazamiwa kiteremke tena, kwa wenye njaa, kwa wageni, kwa walioshitakiana mbele ya baraza lake, na zaidi ya yote kwa njia ya mvua, ambayo watu waliamini kwamba mfalme aliyetulia katika enzi yake huileta na mfalme mwenye kushindana na wenzake huizuia. Walisema kwamba mfalme ama anaiponya nchi, ama anaiharibu. Msomaji wa leo huenda akacheka kusikia habari za mvua, na mimi simlazimishi aamini. Namwomba tu atazame kazi ambayo imani hiyo ilifanya. Mtawala anayedai kwamba mvua ni yake hana udhuru wakati wa ukame. Hawezi kusema kwamba fedha hazikutosha, wala kwamba watu wa chini yake hawakutimiza maagizo. Nchi ikikauka, yeye ndiye anayetazamwa, na wale wanaomtazama wanaweza kuchelewesha kodi, kuacha kumlimia, kuhamia kwa mtawala wa wilaya nyingine, au kumsikiliza kwa makini ndugu yake anayedai kwamba yeye ana mvua bora. Dai kubwa kama lile la kuimiliki mvua, kwa hiyo, lilimpa mfalme taadhima kubwa, na papo hapo likawapa raia njia ya kumhesabia makosa yake.

Haya yalivunjika, na hapa naomba msomaji aangalie sana, kabla Mdachi hajapandisha bendera yake hata mahali pamoja. Alipofariki Kimweri, enzi ilimwangukia mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwana mmoja wa marehemu, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara inayotoka Pangani kwenda bara. Huko alipata bunduki na baruti, na waliomletea walitaka pembe na watu. Semboja hakuhitaji tena mahindi ya mkulima wa Vugha wala ridhaa yake. Alihitaji mkulima mwenyewe, kumkamata na kumuuza. Akamtoa Shekulwavu Vugha kwa nguvu, Wabondei wakawaasi Wakilindi na kuwafukuza, na vita vikaendelea miaka mingi, ambamo watu wa ukoo uliokaribishwa kwa sababu ya kugawa nyama waligeuka kuwa wauzaji wa waliowakaribisha. Mtu aliye na duka la silaha nje ya nchi yake hana haja ya kuwa mkarimu ndani yake: kanuni hii naiona ikijirudia kila mahali nilipoichungua habari ya wafalme, nayo ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Wadachi walimnyonga mfalme Mputa mwaka 1895, na Waingereza, katika miaka ya 1920, wakawarudisha Wakilindi kwenye viti vyao kwa taratibu ile ya kuwatawala wenyeji kwa mikono ya wakubwa wao. Walidhani wanarudisha ufalme wa kale. Kumbe walirudisha jina lake, kwa kuwa mfalme huyu mpya alilipwa mshahara na serikali, alikusanya kodi isiyoteremka tena, na ambaye angemwasi alikuwa anaiasi serikali yenye askari; na hata ilipofika miaka ya 1940 na 1950, alipoagizwa kuwalazimisha watu kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko wa ardhi, chuki yote ya amri hizo ilimwangukia yeye. Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, wachache mno walilia, na wengine wakalitoa jambo hilo kuwa hoja kwamba ufalme haukuwa na mizizi. Hoja hiyo haisimami. Mizizi ilikuwa imekatwa miaka mingi kabla, na aliyeondolewa mwaka 1963 alikuwa mtumishi wa serikali.

Tukiteremka pwani, yatupasa kwanza kuliondoa kosa la kudhani kwamba kila mji wetu ulikuwa na mfalme. Lamu ilijitawala kwa wazee wa pande mbili, Zena na Suudi, ilhali jirani yake Pate ilikuwa na masultani wa Kinabahani. Na Mombasa ya Wamazrui haikuweza kutawaliwa pasipo kusikilizana na Tisa Taifa na Thelatha Taifa, mafungu mawili ya wenyeji wake, kila upande na tamimu wake, yaani kiongozi wake. Hata palipokuwa na sultani, sultani mwenyewe alipimwa kwa kutoa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimkuta al-Hasan bin Sulaiman, aliyelaqabiwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, na amesimulia jinsi fakiri mmoja wa Yemen alivyomsimamisha siku ya Ijumaa akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Alipofariki, akashika nduguye Daud, na mwombaji aliyemwendea huyo alijibiwa kwamba mwenye kutoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Sijui jibu jingine linaloonyesha kwa ufupi kama huo tofauti ya mfalme na mtu aliyerithi nyumba ya mfalme.

Katika Kilwa hiyo hiyo, karne ya 15, mawaziri na maamiri walifikia hali ya kuwaweka masultani na kuwaondoa, na Wareno walipouvamia mji mwaka 1505 walimkuta Amiri Ibrahim akitawala pasipo kuwa wa nyumba ya masultani. Wakamfukuza, wakamtafuta mtu wa kuwatii, wakampata tajiri mmoja, Muhammad Ankoni, wakamvika taji kwa shangwe na mizinga. Mwaka uliofuata aliuawa. Yeye ndiye, kwa hesabu yangu, mfalme wa kwanza wa pwani hii kuwekwa na manuari za watu wengine, na maskini, hakuwa wa mwisho.

Kisa cha Pate sina budi kukitaja, kwa kuwa kinaonyesha jinsi watu walivyoweza kumkatalia mfalme pasipo kumwaga damu. Siwa, yaani ile baragumu kubwa iliyopulizwa katika sherehe za wakubwa, ilikuwa alama ya enzi, na mwenye kuishika alishika ufunguo wa heshima za mji mzima. Habari za Pate husimulia kwamba Mwana Darini, binti wa nyumba ya kifalme, alitaka siwa kwa ajili ya sherehe ya mwanawe, na Sultani akamnyima. Hakulia wala hakuchukua panga. Alimtafuta fundi sharifu, Mwenye Bayaye, akamchongea siwa mpya ya pembe, na sherehe ikafanyika. Tangu hapo wenye shughuli zao wakamwendea yeye kuomba siwa. Waandishi wengi wamekitaja kisa hiki kwa kuusifu ustadi wa mchongaji, na siwa ya pembe ya Pate, iliyomo katika makumbusho ya Lamu, inastahili sifa hizo zote. Mimi naona ndani yake somo la dola: mfalme aliyefanya heshima kuwa mali yake binafsi aligundua asubuhi moja kwamba heshima inaweza kuchongwa mahali pengine.

Sasa Unguja. Waomani walikuja na mafunzo ya Kiibadhi, ambayo kwayo imamu huchaguliwa na maulamaa na wakubwa wa makabila, hupewa mkono wa baia, yaani ahadi ya utii, kwa masharti, na akiyavunja masharti huondolewa. Ahmad bin Said, mwanzilishi wa nyumba ya Albusaid, alipewa uimamu kwa njia hiyo katikati ya karne ya 18. Lakini mjukuu wake Said bin Sultan, aliyeshika enzi tangu mwaka 1806 hata alipofariki baharini mwaka 1856, hakuchaguliwa kuwa imamu kamwe, ingawa Wazungu walizoea kumwita hivyo. Alitawala kwa akili, kwa biashara, na kwa kuwavumilia wenye nguvu waliomzunguka. Binti yake Salme, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, ameeleza baraza zake, ambamo wakubwa na wadogo walifika na haja zao. Aliyavumilia makabila ya Kiarabu yenye mashamba na silaha, na Waharthi wakiwa mbele yao. Alimvumilia pia Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa kisiwa, ambaye masimulizi yanasema kwamba Sayyid alipomfunga mvua ilikosekana miaka mitatu mfululizo, hata ikambidi kupatana naye. Na baada ya mapatano kodi ya Wahadimu, ndio wenyeji hao, ilipita mikononi mwa Mwinyi Mkuu mwenyewe. Msomaji ataitambua mvua hiyo, kwani ni ile ile ya Usambara, ikifanya kazi ile ile, yaani kumkumbusha mwenye mizinga kwamba kuna kitu asichoweza kukipiga risasi.

Lakini hata Said alikuwa na mlango wa nyuma. Ushuru wa forodha, asilimia 5 ya bidhaa zilizoingia, aliukodisha kwa matajiri wa Kihindi, maarufu miongoni mwao Jairam Shivji, ambao walimpa fedha kwa mwaka na kujikusanyia wenyewe. Fedha ilifika kwake bila kupita kwa raia. Hapo ndipo ufa ulipoanzia, ingawa hakuna aliyeuona, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa mwerevu na nyakati zilikuwa za neema kwa wenye nazo.

Ufa ulidhihiri alipokufa. Watu wengi huamini kwamba katika ufalme mwana mkubwa hurithi na mambo yakaisha. Katika nyumba hii, kama katika falme nyingi za kwetu, haikuwa hivyo. Wana wote walistahili, na aliyeshinda alikuwa yule aliyekubaliwa na makabila na mwenye nguvu ya kukilinda kibali hicho. Tume ya Brigadia Coghlan, iliyotumwa mwaka 1860 kuchunguza ugomvi wa Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, iliambiwa jambo hilo waziwazi. Taratibu hii ina hasara zake, na damu iliyomwagika kwa ajili yake si haba. Lakini ilikuwa na faida moja isiyoonekana na wageni, kwamba kila mwana wa mfalme, tangu ujana wake, alilazimika kutafuta watu, kuwatendea wema, kusikiliza haja zao, kuoa kwao na kuwaahidi mambo ambayo baadaye wangemdai. Majuma ya kugombea urithi ndiyo wakati ambapo raia mwenye neno alisikilizwa kuliko wakati mwingine wowote.

Mwaka 1859 Barghash bin Said, akiungwa mkono na Waharthi na kusaidiwa na dada yake Salme aliyemwandikia barua zake, alimwinukia nduguye Majid. Majid hakumshinda kwa watu wake. Askari wa majini wa Kiingereza walitua, ngome ya waasi shambani ikavunjwa, na Barghash akapelekwa Bombay. Miaka miwili baadaye hukumu ya Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ikaigawa milki ya Said, Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka, na Uingereza ikawa ndiyo mwamuzi. Tangu siku ile mwana wa Albusaid aliyetaka enzi alijifunza kutazama baharini kwanza, kisha mjini. Barghash mwenyewe, alipokuja kushika mwaka 1870, alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote, maana alikuwa ameligusa kwa mkono wake. Na ingawa aliuleta mji maji ya chemchemi, akajenga Beit al-Ajaib, na watu wakampenda, hakuweza kukataa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga biashara ya watumwa baharini, kwani tishio la manuari kuizingira Unguja lilikuwa mbele ya macho yake. Mkataba wenyewe ulikuwa wa haki, nami sitaki nieleweke vibaya. Nasema tu kwamba haki hiyo iliwajia raia kwa tishio la kigeni, wala si kwa mapatano baina yao na mtawala wao, na kwa hiyo haikuwafundisha wala haikumfundisha yeye lolote juu ya nani anamwajibikia nani.

Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya, na uchaguzi wa mrithi ukawa hautimii pasipo ridhaa ya Waingereza. Mwaka 1891 hazina ya Sultani ikatengwa na hazina ya serikali, yeye akapewa fungu lake la mwaka, na Lloyd Mathews akawa waziri wa kwanza. Wanahistoria wengi huipita haraka habari ya mwaka 1891 ili wafike kwenye moshi na kelele za mwaka 1896. Kwangu mimi huo ndio mwaka wenyewe. Mfalme aliyelipwa mshahara na wengine alikuwa amekwisha kuachana na watu wake, na kilichobaki ni kutangazwa tu. Tangazo lilifanyika tarehe 27 Agosti 1896. Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, Khalid bin Barghash ameingia jumba la kifalme kwa desturi ile ile ya kale, akiwa na watu wenye silaha waliomkubali, na saa tatu asubuhi manuari za Kiingereza zikafyatua mizinga. Haikutimia saa moja, watu kiasi cha 500 wakawa wamekufa au kujeruhiwa, Khalid amekimbilia kwa balozi wa Kijerumani, na Hamoud bin Muhammed akawekwa. Huitwa vita vifupi kuliko vyote duniani, na watu huvitaja kwa kuchekesha. Sioni cha kuchekesha katika siku ambayo watu wa mji walielezwa kwa mizinga kwamba kumkubali au kumkataa mfalme si kazi yao tena.

Hapa nitapingwa na wanaomkumbuka Khalifa bin Harub, aliyekaa kitini tangu mwaka 1911 hata mwaka 1960, mtu mpole na mwenye heshima, akaheshimiwa hata na wasiopenda serikali yake. Wao husema: mfalme asiye na mamlaka hana madhara, ni pambo la nchi na kiungo cha watu. Uungwana wake siukatai. Lakini mfalme asiye na mamlaka ana madhara makubwa ikiwa kila amri ya wengine inatolewa kwa jina lake, maana raia anayeonewa hamjui wa kumshitakia: akienda kwa Balozi Mkazi anaambiwa nchi ni ya Sultani, akienda kwa Sultani anakuta mzee mwema asiyeweza kitu. Miaka 49 ya wema wa mtu mmoja iliufunika utupu wa kiti chake, na siasa za vyama zilipoanza, kila upande ukakitumia kiti hicho kwa jinsi ulivyoona inafaa. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote na viti 13 kati ya 31. Serikali ikawa ya waliokuwa na kura chache, na uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba, Sultani Jamshid alikuwa juu yake. Bendera ya Kiingereza ilipoteremka, kilichokuwa kikikishika kiti tangu mwaka 1896 kiliteremka nayo. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964 hakuwako wa kukishika.

Sitakuwa mkweli nikiyaacha maneno haya yasomeke kama majuto. Uwezo wa kumkataa mfalme, ambao nimeusifu, katika Unguja ya karne ya 19 ulikuwa wa wachache: wenye makabila, wenye mashamba, wenye bunduki, matajiri wa forodha. Mtumwa wa shamba la karafuu hakuombwa mkono wa baia wala hakuulizwa. Kukataa kwake kulikuwa kutoroka, na watoro walikuwa wengi. Na Mhadimu aliyesukumwa kuziacha ardhi njema za magharibi ya kisiwa alikataa kwa kunung'unika. Kwa hiyo anayesema kwamba ufalme wa kale ulikuwa na vizuizi vyake amesema kweli, na anayesema kwamba vizuizi hivyo havikumlinda aliye chini kabisa amesema kweli vilevile, wala kweli ya pili haiibatilishi ya kwanza. Inatuonyesha tu mahali mapatano yalipoishia na jeuri ilipoanza. Mapinduzi yalitoka huko yalikoishia. Wale ambao hawakuwahi kuulizwa katika karne ya 19, na ambao katika ya 20 waliulizwa kwa kura kisha hesabu ya viti ikasema vingine, hawakuwa na sababu ya kukitetea kiti.

Nini basi tufanye na elimu hii, maadam wafalme wenyewe hatunao? Kwanza, mashule yetu yaache kuwafundisha watoto orodha za majina na miaka ya watawala, kama kwamba ufalme ni mlolongo wa makaburi. Kila mfalme anayesomeshwa aulizwe mambo matatu: nani walimweka, nani walimlisha, na nani waliweza kumwondoa. Mtoto aliyejifunza kuuliza hayo juu ya Kimweri na Barghash atauliza hayo juu ya mkuu wa wilaya na mbunge, na hatashangaa akiona kwamba serikali inayojaza hazina yake kwa madini na mikopo huwasikiliza wachimbaji na wakopeshaji zaidi ya walipa kodi. Atakuwa amekwisha kumjua Semboja. Pia tuviweke vitabu vya wenyeji mikononi mwa wanafunzi, na Habari za Wakilindi kwanza, kwa sababu ni Kiswahili kizuri na kwa sababu mwandishi wake hakuwaogopa wakubwa aliowaandika.

Shauri langu la pili linahusu watemi, machifu na wafalme wa mila, ambao katika nchi zetu wamerudi kuonekana, pengine kwa sheria, pengine kwa mialiko tu ya mabaraza ya serikali. Uganda, baada ya kuufuta ufalme kwa katiba ya mwaka 1967 na kuurudisha mwaka 1993, iliandika katika katiba ya mwaka 1995 kwamba kiongozi wa mila asijiingize katika siasa za vyama, wala mtu asilazimishwe kuchangia gharama za kumtunza. Sharti la pili ndilo bora, na ndilo linalosahauliwa. Wengi hulisoma kama kinga ya raia dhidi ya mfalme. Mimi nalisoma kama kinga ya ufalme wenyewe, kwa kuwa mfalme anayelishwa na wanaopenda kumlisha hana budi kuwapendeza, na ikiwa hawapendezi watafunga mikono yao. Kinga hiyo inavunjwa na kila posho, kila gari na kila nyumba ambayo serikali humpa kiongozi wa mila kwa jina la kumheshimu, maana tangu siku anapoipokea hesabu yake inafanywa ofisini, wala haifanywi tena kijijini kwake. Vyombo vya enzi navyo, ngoma, viti, siwa, vikaapo na jamii au katika makumbusho yanayoandika kando yake majina ya walinzi wake na si ya wafalme peke yao. Wanaotaka kumtambua mtemi wao wamtambue wao, kwa mkutano wao na kwa gharama yao, na serikali iarifiwe tu. Najua watemi wengine wataniona hasidi wao kwa maneno haya, kwani baadhi yao wana nyumba zinazovuja na ngoma zilizoliwa na mchwa, na bajeti ya wizara iko karibu zaidi. Nawashauri wawaendee watu wao kwanza, na wakirudi mikono mitupu, wawaulize sababu.